Shajara ya Mradi: Kuangusha Miti Mitatu Iliyokufa Karibu na Nyumba kwa Lori la Bedford, Lushoto

Nyumba yetu iko mteremkoni, nje kidogo ya mji wa Lushoto, katika uwanja uliochongwa kwenye ubavu wa kilima ili kupata mahali tambarare pa kujengea. Kuchonga huko ndiko kulikoiua miti. Mafundi walipochimba ukuta wa udongo upande wa juu walikata mizizi ya mkaratusi mmoja mkubwa na migrevilea miwili, na katika misimu miwili ya mvua iliyofuata majani yalipukutika, magome yakaanza kubanduka, na mwaka huu wa 2025 masika yamepita bila hata chipukizi moja. Mkaratusi uko mita sita kutoka ukutani, juu ya kingo, nao umeegama kuelekea paa la bati. Nimeamua kuandika kila hatua ya kazi hii kwa sababu watu wengi niliowauliza walinijibu neno moja tu, kwamba nifunge kamba, niivute kwa gari, na mti utakuja. Hilo la gari ninalo: mjomba wangu ana lori la Bedford la zamani, lenye boneti mbele, ambalo bado linabeba viazi na kabichi hadi Mombo. Lililonitia shaka ni hilo la mti utakuja. Utakuja wapi?

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimeizunguka miti yote pamoja na fundi mkata miti, mtu mzima aliyeshika msumeno kwa miaka mingi katika shamba la miti la Shume. Hakuja na msumeno. Alikuja na shoka, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuligeuza na kuligonga kila shina kwa kisogo cha shoka, kuanzia usawa wa goti hadi mkono wake ulipofika, huku akizunguka polepole na kutega sikio. Mkaratusi ulijibu kwa mlio mkavu na mfupi pande zote. Mgrevilea wa kwanza, ulio mita tisa kutoka jikoni, ulijibu hivyohivyo isipokuwa sehemu moja karibu na ardhi. Mgrevilea wa pili, ulio kwenye kona ya shamba, ulilia kama ngoma, na kutoka kwenye tundu lililo juu kidogo ya kichwa cha mtu nyuki walitoka kutuangalia. Tukasogea.

Tulipima urefu kwa fimbo, njia ambayo haihitaji kifaa chochote. Mtu anashika fimbo wima, mkono umenyooshwa, sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi ikiwa sawa na umbali kutoka jichoni hadi kwenye ngumi, kisha anarudi nyuma mpaka ncha ya fimbo ikutane na kilele na ngumi ikutane na shina. Mahali aliposimama ni mbali na mti kwa kiasi cha urefu wa mti wenyewe. Mteremkoni njia hii hudanganya, kwa hiyo tulirudi nyuma kwa kufuata usawa wa kilima, hatukupanda wala kushuka. Mkaratusi ulitoka mita 27, mgrevilea wa kwanza mita 18, na wa kona mita 15.

Fundi alikataa katakata mtu yeyote kupanda. Kijana wa jirani alijitolea kupanda mkaratusi na kamba kiunoni, akaambiwa kwa upole kwamba mti mkavu hauna tawi la kuaminika, na kwamba matawi yaliyokufa huning'inia juu miezi mingi yakisubiri mtikisiko mdogo tu.

Jumamosi, 12 Julai

Kazi ya leo ilikuwa ya keekee na timazi. Tuliazima keekee ya seremala na kutoboa kila shina matundu manne kwa usawa wa kiuno, tukiangalia kile kinachotoka. Hapa mti husema wenyewe. Katika mkaratusi zilitoka chenga ndefu nyekundu, ngumu, zilizojikunja kama maganda ya kiazi, na keekee ilikuwa ikipiga kelele mpaka mwisho. Katika mgrevilea wa kona chenga nzuri zilitoka kwa sentimita sita tu, kisha keekee ikazama ghafla kama iliyoingia kwenye siagi, na kilichofuata kilikuwa unga wa kahawia uliochanganyika na udongo wa mchwa. Nusu kipenyo cha shina hilo ni sentimita 21. Kanuni inayotumiwa sana na wakaguzi wa miti ni kwamba ukuta wa mbao nzima uliobaki usipofikia theluthi moja hivi ya nusu kipenyo, mti huo ni wa hatari. Sita kwa 21 haifiki. Kwa hiyo mti huo hautakatwa kwa msumeno kama mingine, maana hakuna mbao ya kutosha kuunda bawaba.

Bawaba ndilo neno lililotawala mazungumzo ya leo, na inafaa nilieleze. Mti hauangushwi kwa kukatwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwanza hukatwa mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, upande unaotakiwa kuangukia, wenye kina cha robo hadi theluthi ya kipenyo. Baada ya hapo mkato wa nyuma huingia kutoka upande wa pili, juu kidogo ya kona ya mdomo, na kusimama kabla ya kuufikia. Ukanda wa mbao unaobaki katikati, ambao kwa kawaida ni kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo, ndio bawaba, nao hufanya kazi ileile ya bawaba ya mlango: mti unageuka juu yake na hauwezi kwenda kushoto wala kulia. Katika mti mbichi nyuzi za bawaba hupinda kabla ya kukatika. Katika mti mkavu hukatika mapema, ndiyo maana fundi anataka kuiacha nene zaidi na kuusaidia mti kwa kamba.

Timazi ya fundi uashi ilituonyesha kwamba kilele cha mkaratusi kimetoka nje ya shina kwa mita moja na nusu, kuelekea nyumbani. Jioni nilipiga hesabu kwa taa. Mzingo wa shina ni sentimita 220, yaani kipenyo cha sentimita 70. Kwa kuwa shina hupungua kadiri linavyopanda, ujazo wake ni mita za ujazo nne hivi, na uzito ni takriban tani tatu. Kitovu cha uzito huo kiko kama mita kumi kutoka ardhini, nacho kimetoka mbele ya bawaba itakayowekwa kwa sentimita 70 hivi. Tani tatu mara sentimita 70, ukigawanya kwa mita 14 ambako kamba itafungwa, unapata kilo 150.

Nilirudia hesabu mara mbili kwa kutoamini. Kilo 150 ni mizigo miwili ya viazi. Hata ukizidisha mara tatu kwa ajili ya upepo na makosa yangu, bado hufikii nusu tani, ambapo lori la mjomba likikanyagwa ghafla linaweza kuvuta tani kadhaa. Lori hili basi halihitajiki kwa nguvu zake. Linahitajika kwa uzito wake, ili likae pale lilipo na kuushika mti usirudi nyuma wakati msumeno unafanya kazi, na nguvu zake ndizo tunazopaswa kuzihofia.

Juma la 14 hadi 18 Julai

Mambo ya makaratasi na vifaa. Nilikwenda kwa afisa mtendaji wa kijiji na kwa afisa misitu, kwa sababu chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 magogo na kuni zinazosafirishwa kwenda kuuzwa huhitaji hati ya kusafirishia, na sikutaka kusimamishwa kizuizini na lori limejaa. Niliomba pia waya wa umeme unaoingia nyumbani ukatwe kwa siku za kazi.

Kamba ilileta ubishi. Mjomba alikuja na kamba yake ya waya, lakini nilipoipitisha kwenye kitambaa nyuzi zilizokatika zilikamata kitambaa kila baada ya hatua mbili. Fundi aliikataa, akakataa pia kamba ya nailoni, kwa kuwa nailoni hurefuka sana kabla ya kukatika na ikikatika hurudi kama manati. Tulinunua kamba mpya ya katani ya milimita 24, mita 120, ambayo hairefuki sana na inabeba zaidi ya tani mbili. Sisi watu wa mkoa wa Tanga hatuna udhuru wa kukosa katani nzuri. Mmea huu uliletwa Pangani mwaka 1893 na Richard Hindorf, na bado unaonekana barabara nzima ya Korogwe.

Jumamosi, 19 Julai

Leo tulianza na mgrevilea wa kwanza, na leo tumekosea.

Mtoto wa jirani, bingwa wa manati, alirusha uzi wa kuvulia samaki wenye risasi ya kuzamishia, ukapita juu ya panda la mita 14. Kwa uzi tukavuta kamba nyembamba, kwa kamba nyembamba tukavuta katani, tukatengeneza kitanzi kinachojikaza na kukipandisha mpaka juu. Nilifurahi kuona kamba imefika juu kiasi hicho, kwa kuwa kadiri inavyofungwa juu ndivyo nguvu ndogo inavyotosha. Sikufikiria unene wa shina pale juu.

Lori lilikuwa limesimama mita 40 kutoka kwenye mti. Utingo aliweka mawe nyuma ya magurudumu, kamba ikafungwa kwenye ndoano iliyoshikana na chesi, wala si kwenye bampa, na magunia mawili yaliyoloweshwa yakaning'inizwa juu ya kamba ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka. Mpango ulikuwa kukaza kamba kidogo kabla ya msumeno kuanza. Mjomba aliachia klachi, ambayo ni nzee kama lori lenyewe, ikashika ghafla. Lori liliruka nusu mita. Kilele chote juu ya panda, urefu wa kama mita nne, kilikatika kwa mlio wa bunduki na kuanguka wima, kikachoma ardhi sentimita chache kutoka kwenye shina, mahali palepale ambapo fundi angekuwa amepiga goti dakika kumi baadaye.

Hakuna aliyekuwa karibu, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba kamba inapokazwa hakuna mtu ndani ya duara la mara mbili ya urefu wa mti. Tulikaa kimya kidogo. Mjomba alishuka, akakitazama kile kilele, akasema, "Mpwa wangu, mti mkavu haupindi." Wahenga walishauri samaki akunjwe angali mbichi, na huyu wetu alikuwa amekauka miaka miwili.

Tuliahirisha kazi.

Jumamosi, 26 Julai

Ukungu mpaka saa nne, kisha manyunyu. Barabara ya juu inateleza na matairi ya lori si mapya. Hatukufanya lolote isipokuwa kupakia mawe, kama tani mbili, nyuma ya lori ili likae vizuri chini.

Jumamosi, 2 Agosti

Mgrevilea wa kwanza umelala. Safari hii kamba ilifungwa mita 10 kutoka chini, mahali ambapo shina bado ni nene kuliko paja la mtu mzima. Tuliiacha klachi ipumzike na kutumia njia nyingine ya kukaza: lori lilisogezwa taratibu mpaka kamba ikanyooka, likazuiwa kwa mawe mbele na nyuma, halafu utingo akaning'iniza ndoo ya maji katikati ya kamba. Kamba iliposhuka kiganja kimoja tu chini ya uzito wa ndoo, fundi alisema inatosha, na ndoo ikaondolewa.

Fundi alifungua mdomo, akaangalia rangi ya mbao ndani, akaridhika, kisha akaingia nyuma na msumeno wa mnyororo akiwa amevaa kofia ngumu na miwani. Alikuwa amefyeka njia mbili za kukimbilia, zote zikielekea nyuma kwa mshazari, kwa kuwa nyuma moja kwa moja ndiko shina hupiga teke. Mkato ulipofika nusu aligongea kabari mbili za mti mgumu, kwa mapigo mepesi, kwani mtikisiko wa nyundo hupanda hadi matawini. Mti ulianza kusogea wenyewe. Mjomba hakugusa kichapuzi kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nanenane, na siku ya mkaratusi. Tuliichagua kwa sababu watu wangu wote walikuwa huru na kwa sababu asubuhi kilima kilikuwa kimetulia. Upepo wa hapa huamka baada ya saa sita. Familia ilihamia kwa jirani pamoja na kuku. Jirani wa chini naye aliombwa atoke, maana nyumba yake iko mita 50 tu kutoka kwenye mti, naye alikubali kwa sharti la kupata matawi yote ya kuni.

Mti huu ulipaswa kuangukia juu, kinyume cha mwegamo wake, na barabara ya juu inapita kwa kukata mteremko. Lori lisingeweza kusimama mbele ya mti unaoliangukia. Tulifunga kapi kwenye mguu wa mkaratusi hai, mnene, kando ya barabara, mita 45 kutoka kwenye mti mfu, tukalizungushia gome lake magunia, na kamba ikapita kwenye kapi na kugeuka kufuata barabara hadi kwenye lori. Kwa namna hiyo dereva anaendesha kwenye tambarare, pembeni kabisa ya njia ya mti. Kuna jambo moja la kukumbuka hapa: kamba ikigeuka kwa pembe mraba, kapi na kile kilicholishika hubeba nguvu mara 1.4 ya ile ya kamba. Kisiki kilichooza kisingefaa.

Kutoka kwenye kiti chake mjomba hakuuona mti, na injini ya Bedford haimruhusu mtu kusikia chochote. Nilisimama barabarani na kanga nyekundu mkononi. Tulikubaliana kwamba kanga ikiwa chini yeye hafanyi kitu, ikiinuliwa anasogea hatua moja ya mtu, na ikitupwa chini anasimama na kukanyaga breki hata kama hajui sababu.

"Mjomba, usiutazame mti hata ukisikia unalia. Nitazame mimi."

"Nimekusikia, mpwa. Wewe nawe usiniache nimekodoa macho bure."

Fundi alikata mdomo, akatoka, tukakaza kwa ndoo. Aliingia nyuma, akakata kidogo, akaingiza kabari, akatoka tena kutazama kilele. Alifanya hivyo mara tano. Mara ya tano nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja muwa, na mfereji wa mkato wa nyuma ulioonekana kama uzi ukawa na upana wa kidole. Fundi aliinua mkono na kuondoka kwa njia yake ya kushoto akitembea, hakukimbia. Niliinua kanga. Lori lilisogea hatua moja, nikashusha, likasimama, nikainua tena. Katika hatua ya tatu mkaratusi ulipita wima wake. Nilitupa kanga chini, kamba ikalegea, na mti ukaenda peke yake polepole sana kwa kipimo cha jicho langu, kisha kwa haraka, ukalala juu ya mteremko na kuvunjika vipande vitatu. Vumbi la magome lilifunika barabara.

Hatari ya mwisho tulikuwa tumeitarajia. Mti ulioangukia juu hutaka kurudi chini, na chini kuna nyumba. Fundi alikuwa ameacha kisiki cha mita moja kwa makusudi, bawaba ikabaki imeshikana, na mara vumbi lilipotulia mjomba alisogeza lori mpaka kamba ikanyooka tena na kulishika gogo lile. Lilikaa hivyo saa nzima huku vijana wakilikata kuanzia kileleni na kuweka vigingi chini ya kila kipande kabla ya kukitenganisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa iliyofanywa na lori leo, na hakuna aliyeitazama kwa sababu kila mtu alikuwa akipiga picha kisiki.

Jumamosi, 23 Agosti

Mgrevilea wa kona ulisubiri nyuki. Mfugaji alikuja usiku wa juzi na moshi, akatoa masega na kuwahamishia kwenye mzinga, akaacha ndoo ndogo ya asali na mikono yangu miwili ikiwa imevimba.

Kwa kuwa shina lilikuwa ganda tupu, hatukulikata. Tulichimba kuzunguka mguu, tukakata kwa shoka mizizi ya upande wa mbali na lori, kamba ikafungwa mita saba kutoka chini, watu wote wakatoka nje ya duara, na kwa mara ya kwanza lori lilivuta kwa kweli, kwa gia ya kwanza, bila kuruka. Klachi ilikuwa imebadilishwa; niliigharamia mimi. Mti ulipasuka kwenye tundu la nyuki, nusu ya juu ikaanguka kwanza kuelekea pembeni, jambo ambalo hakuna bawaba ya kulizuia na ndiyo sababu ya kutaka uwanja mtupu pande zote. Kisiki kilifuata na mizizi yake.

Yaliyobaki ni madogo. Mita mbili za kamba zilizosagika kwenye kapi nimezikata na kuzitupa. Kisiki cha mkaratusi kitabaki ardhini, kwa sababu mizizi iliyosalia bado inashika kingo cha udongo juu ya nyumba, na fundi anashauri nipande majani ya matete kabla ya vuli. Magogo ya mgrevilea yalikuwa na nyufa nyingi mno kwa mbao, isipokuwa moja, ambalo seremala amelichukua pamoja na keekee yake.